Riziki Alinifunga Mkono wa Kushoto

Mimi si mtu wa kushtuka. Aliyezaliwa kaskazini ya Pemba ananijua. Nilipokuwa kijana, kwenye mchezo wa ng'ombe kule Shumba, fahali alikata kamba akaingia kwenye watu. Wale waliokuwa wakijisifu tangu asubuhi walipanda minazi. Mimi nilibaki na shuka yangu mkononi, nikamwita, akaja, nikampisha, akenda kupiga kichwa ukuta wa jirani. Kazi nilianza kwa kuvunja kokoto na nyundo ya kuazima. Leo nina gari mbili za mawe na nyumba ya ghorofa hapa Micheweni. Skuli niliacha darasa la tatu. Barazani nilikuwa nikiwaambia watu: hakuna kitu duniani kitakachomshangaza Faki Kokoto.

Basi nakuhadithieni kilichonishangaza. Nakuhadithia wewe uliyelala kitandani upande mmoja umekufa, na wewe unayemgeuza aliyelala. Nimeandika mwenyewe kwa mkono wa kulia. Herufi zimepinda kidogo, lakini zinasomeka, na zamani pia zilikuwa zimepinda.

Kwanza nimtaje mwanangu, maana ugonjwa wangu hausimuliki bila yeye. Riziki ni kiungo wa timu ya taifa ya wanawake. Jezi yake namba nane. Amecheza Unguja, amecheza bara, na sasa ana msimu wa nne ng'ambo, nchi ya baridi ambako watu huvaa glavu kwenda dukani. Kila alichonacho mguuni kakipata kwangu, na mama yake anajua hivyo, ila hapendi nikiseme mbele ya watu.

Alizaliwa mtu wa mashoto. Kijiko kushoto, kalamu kushoto, kila kitu kushoto. Mama yangu, Bi Mize, hakukubali. "Mtoto wa kike atamtilia mgeni chakula kwa mkono huno?" Basi kila wakati wa kula alimfunga mkono wa kushoto kwa ncha ya kanga, akaufundika nyuma ya mgongo, mpaka wa kulia ukajifunza. Ndivyo tulivyolelewa hapa. Kwa kulia unakula, unapokea, unatoa, unaamkia. Mkono wa kushoto una kazi yake, na kila mtu anaijua ni kazi gani. Mkono wa Riziki ukafuata amri. Mguu hakuna aliyeufunga, na mguu huo wa kushoto ndio watu wanaolipa kuutazama.

Kiwanja cha nyuma ya skuli yetu ni mawe matupu. Ukianguka pale unaacha ngozi. Watoto wengine walikuwa wakianguka, Riziki hakuanguka. Alijifunza kutoa mpira kabla hajaguswa. Makocha wa ng'ambo wanamsifu kwa hilo mpaka leo, wanasema anafikiri haraka. Hawajaona mawe ya Micheweni. Mimi ndiye niliyemwaga fusi gari nzima pale, nikalisawazisha kwa mkono wangu, ili acheze.

Watu walisema. Bwana mmoja alinijia barazani na kikombe chake.

"Bwana Faki, mtoto wa kike na mpira vinakwenda pamoja?"

"Wako wa kiume anacheza?"

"Anacheza."

"Ana timu?"

Akainywa kahawa yake yote kwa mara moja, akarudisha kikombe.

Nyumbani sheria ilikuwa moja: suruali ya kubana ndani ya bukta na kichwa kimefunikwa. Hata leo huko kwenye baridi anacheza hivyo hivyo, na wenzake wameshazoea. Alipokwenda kusoma Unguja kwa shangazi yake, timu ya pale ikamchukua. Kisha klabu ya bara. Kisha tukamwona kwenye televisheni ya mkahawa amevaa rangi za nchi, anaimba wimbo wa taifa mkono kifuani. Mimi nilisimama. Mkahawa mzima ukasimama, maana nani angebaki kitako Faki amesimama?

Watu wengi hawajui kazi ya kiungo. Mshambuliaji hupigiwa makofi, kipa hutukanwa, lakini kiungo ndiye anayejua mpira uko wapi na utakwenda wapi. Mtazame Riziki shingo. Kabla mpira haujamfikia keshageuka kulia, keshageuka kushoto, keshajua nani yuko peke yake. Ukimfikia anautoa kwa mguso mmoja, na yule uliyedhani yuko peke yake anafunga. Jina linalotangazwa ni la mfungaji. Riziki huwa keshageuka kurudi mahali pake.

Hayo yalikuwa maisha yangu. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na jina. Nilikuwa na presha pia, na dawa za presha, vyote nimeviweka ndani. Daktari aliniambia kidonge kimoja kila siku. Mimi nikimeza siku kichwa kinapouma. Mtu mwenye nguvu za kunyanyua jiwe la watu wawili atakulaje dawa ya mgonjwa?

Asubuhi moja nilikuwa kwenye mawe, namwonyesha mfanyakazi wangu Makame jinsi ya kupasua bila kupoteza. Nilinyanyua nyundo. Ikashuka peke yake. Iliniangukia juu ya mguu wa kulia na sikusikia kitu. Nikaitazama nyundo, nikautazama mguu, damu inatoka kidoleni, na mimi kama natazama mguu wa mtu mwengine.

Makame alinitazama usoni. "Mzee Faki, mdomo wako umekwenda upande."

Nilimwambia aache upuuzi afanye kazi. Hivyo ndivyo nilivyodhani nimesema. Makame anasema nilitoa sauti ya mbuzi.

Walinibeba nyumbani. Uani watu wakajaa. Jirani mmoja akasema hili ni jini la mapango ya mawe, limechoka kuvunjiwa nyumba yake, na mganga anayelijua yuko kisiwani Fundo, atarudi kesho. Mke wangu, Salama, alikuwa analia tu. Mama yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mganga akirudi atamkuta hospitali. Tieni gari moto."

Nikapelekwa na gari yangu mwenyewe, juu ya godoro, juu ya kokoto ambazo hazijashushwa.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu wa bara. Aliniambia ninyanyue mikono yote miwili. Mmoja ukapanda. Alimgeukia Salama akasema taratibu, "Mama, hiki ni kiharusi. Mshipa umeziba kwenye ubongo, upande wa kushoto. Ndiyo maana upande wa kulia umelala."

"Atapona?"

"Ataishi. Kutembea na kutumia mkono kutategemea mazoezi, na miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida. Msimlaze tu mkamhurumia."

Nasema wazi yaliyonipata, ili mwenye haya ajue hayuko peke yake. Nilijikojolea. Udenda ulinitoka upande wa kulia na sikuujua mpaka nguo imeloa. Maji ya kunywa yalikwenda njia siyo, nikakohoa mpaka macho yakatoka, wakaanza kuninywesha uji mzito kwa kijiko. Salama alinigeuza, alinikosha, alinipaka mafuta ya karafuu mkono mzima, na mimi nikitazama ukuta. Sauti ilirudi mapema. Mguu ulirudi kidogo, nikawa naweza kusimama nimeshika kitanda. Mkono haukurudi. Ulining'inia tu.

Nyumbani wageni walikuja. Mtu anaingia, "Asalaam alaykum Mzee Faki, pole," ananyoosha mkono, na mimi namnyooshea nini? Wa kushoto? Nikawa naufunika mkono kwa shuka na kusema nimechoka. Chakula nilikula peke yangu chumbani, mlango umefungwa, kwa mkono wa kushoto. Nilikula kidogo, maana kila tonge nikilipeleka mdomoni nafsi inakataa. Nikawa mwembamba. Harusi sikwenda, hitima sikwenda, msikitini sikwenda. Shehe alikuja kuniambia Mungu anajua udhuru wangu. Nikamjibu, "Mungu anajua, Shehe. Micheweni hawajui."

Na mazoezi niliyoelekezwa sikufanya. Kushoto kulikuwa kunafanya kila kitu, kulia kulikuwa kumelala. Hivyo ndivyo siku zilivyokuwa zinapita, zile alizosema daktari ndizo zenye faida.

Msimu wa huko ng'ambo ulipomalizika Riziki akaja. Aliingia na begi la michezo mgongoni, akanibusu mkono. Ule wa kulia. Aliunyanyua kutoka chini ya shuka kama hakuna lolote, akaubusu, akaurudisha. Hakulia. Salama alikuwa amejitayarisha walie wote wawili, akabaki na kanga yake mkononi.

Mchana nikafungiwa mlango na sinia yangu kama kawaida. Riziki akaufungua bila hodi. Alinikuta na wali kwenye mkono wa kushoto. Nikauficha. Akakaa mkekani mbele yangu.

"Baba, kulia kunafanya nini?"

"Hakufanyi kitu. Kumekufa."

"Vidole vinacheza?"

"Kidogo. Vya kumfukuzia nzi."

"Basi hakujafa. Kumewekwa benchi."

Akaondoka. Kesho yake alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, akakaa naye asubuhi nzima. Aliporudi alipita jikoni kwa bibi yake.

"Bibi, kanga uliyokuwa ukinifungia ipo?"

"Imekuwa tambara. Unaitakia nini?"

"Nampa baba."

Bi Mize alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akenda sandukuni akatoa nyengine, mpya.

Hapo, ndugu zangu, Faki Kokoto akafungwa. Mkono wa kushoto ukafungwa kwa kanga ukalazwa kifuani, fundo limekazwa na mama yangu mwenyewe. Mtaalamu alikuwa ameruhusu, ila kwa masharti: nikiwa nimekaa tu, mtu yuko karibu, na nikinyanyuka kutembea nifunguliwe nisije nikaanguka. Wewe unayesoma, usijifunge kabla hujauliza. Ulizia kwanza.

Sinia likawekwa. Riziki akasema, "Kula."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa ule ulionipokelea mimi nilipozaliwa."

Nilipeleka vidole kwenye wali. Vilikwenda kwenye mchuzi. Nikavitoa, vikaanguka kwenye mkeka. Punje mbili zilifika kwenye ndevu. Jasho lilinitoka kama navunja jiwe. Nikakasirika, nikataka kuitupa bakuli ya mchuzi ukutani, lakini wa kuitupia ulikuwa umefungwa, na wa kulia uliisukuma bakuli ikasogea kidogo tu.

Riziki akatazama bakuli. "Umeona? Jana usingeisogeza."

Bi Mize mlangoni akasema, "Mwache na njaa. Huyu Riziki alilia siku zote za mwanzo, leo anakula na mabalozi."

Nilipata tonge la kwanza nikiwa wa mwisho kabisa, watu wa nyumbani washakosha mikono. Lilikuwa tonge dogo, limevunjika, limechanganyika na ukindu wa mkeka. Sijala kitu kitamu hivyo.

Ikawa kila siku. Kulia kunaokota tende. Kulia kunafunga vifungo. Kulia kunakamua nguo. Alfajiri, kabla watu hawajatoka, alinipangia vifuu vya nazi uani, kama vile wachezaji wanavyopangiwa koni mazoezini, na mimi nikapita katikati yake, bakora mkononi. Yeye alikuwa upande wa pili na mpira. Nikisimama, anasimama. Nikisema nimechoka, ananiambia, "Makame anasema ulikuwa hujui neno hilo."

Siku moja niliteleza nikakaa chini kwenye vifuu. Nikasema basi, imetosha, mimi si mtoto, nirudisheni kitandani. Nikasema na maneno mengine yasiyoandikika. Riziki hakuninyanyua. Alikaa chini na yeye, akapandisha suruali yake mpaka juu ya goti la kushoto.

Goti lilikuwa na makovu. Moja refu, na mengine madogo madogo pembeni.

"Hili lini?" nikamuuliza.

"Ule mwaka niliokupigia simu nikasema nimeumia kidogo."

Nilikumbuka. Alisema kidogo, atapumzika, tusiwe na wasiwasi. Kumbe kano ya goti ilikatika nzima. Aligeuka na mpira, hakuna aliyemgusa, akasikia mlio ndani ya goti kama kijiti kinavunjika. Wakampasua. Wakamwambia huenda atarudi, huenda asirudi kama alivyokuwa.

"Nilikuwa nakaa ghorofa ya tatu, Baba. Nilikuwa nashuka ngazi kwa makalio. Wenzangu wakienda mazoezini mimi nakunja goti kwenye taulo. Kukunja na kunyoosha, ndiyo kazi yangu kutwa. Paja lilikuwa jembamba kama mkono wangu. Nikawa nafunga mlango nalia kwenye mto, kisha nakupigia wewe simu nacheka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja na gari ya kokoto kunichukua."

Kweli ningekwenda.

Nilimtazama. Ule mwaka wote nilikuwa barazani nikisema Riziki anapumzishwa kwa sababu ni mchezaji mkubwa, mchezaji mkubwa lazima apumzishwe. Na yeye alikuwa peke yake kwenye baridi, anashuka ngazi kwa makalio, hakuna bibi wa kumcheka wala mama wa kumpaka mafuta. Na akarudi uwanjani, na akapewa unahodha, na hakumwambia mtu. Fahali sikumshangaa. Kiharusi, nikipata nafuu, nilikuwa nishakizoea. Msichana huyu alinishangaza. Nguvu zile si zangu. Nimetafuta kama alizipata kwangu au kwa babu yake, sikuona zilikotoka. Ni zake.

Nikashika bakora nikanyanyuka mwenyewe. Ilichukua muda. Alisubiri.

Siku ya Riziki kuondoka tuliwekeana ahadi. Timu ya taifa ilikuwa icheze Unguja, mechi ya kufuzu, na alikuwa hajawahi kuichezea timu hiyo hapa visiwani. Aliniambia, "Nitakuwekea kiti kule kwa wakubwa, karibu na mlango, gari inakufikisha hapo hapo."

Nikamwambia, "Usiniwekee. Nitakuja kwa miguu na nitakaa na watu."

"Ukibebwa nitakuona."

"Na wewe ukitoa mpira vibaya nitakuona."

Akanikabidhi kwa bibi yake. Nyinyi mnaomhofu kocha wa kigeni hamjafundishwa na Bi Mize. Alinifunga kanga kila siku, na nikilalamika anakaza. Vidonge vya presha alinimezesha mwenyewe, akanifunua kinywa atazame chini ya ulimi. Miezi ikapita. Nikaanza kula na watu, taratibu, tonge langu la mwisho kila siku. Nikaenda msikitini. Mtu akininyooshea mkono nampa wa kulia, nao unafika, japo umechelewa.

Siku ya mechi nikapanda meli na Salama. Uwanjani nilipanda ngazi zote mpaka juu, bakora mkono wa kushoto, mkono wa kulia kwenye chuma cha pembeni. Vijana walitaka kunishika kwapa. Nikawaambia wapishe.

Riziki alitoka na kitambaa cha unahodha. Alipokuwa anaimba aligeuza shingo, kulia, kushoto, kama anavyofanya. Sijui kama aliniona. Salama anasema aliniona. Kipindi cha kwanza walimbana mguu wa kushoto, wawili wawili, kila akigeuka wapo. Watu nyuma yangu wakaanza kusema kachoka. Nikawaambia, "Subirini. Hamumjui." Kipindi cha pili akaupata mpira katikati, wale wawili wakamziba kushoto. Akautoa kwa mguu wa kulia. Mguu ule ambao mwenyewe husema ni wa kupandia basi tu. Mpira ulipita baina ya mabeki, mshambuliaji akaukuta mbele yake, bao. Uwanja ukaimba jina la mshambuliaji. Mimi nilimtazama namba nane akirudi mahali pake, nikalia, na nikayafuta machozi kwa mkono wa kulia, na sikujali nani ananiona.

Namshukuru Mungu aliyenirudisha. Namshukuru yule daktari, Salama, na mama yangu aliyeona mbele kuliko jirani zangu. Kwako wewe mgonjwa nasema haya. Meza dawa hata siku unajiona simba. Mdomo ukienda upande, usingoje mtu wa Fundo, tia gari moto. Usijifungie chumbani na aibu yako, maana aibu hula chakula chako chote. Na ule upande uliolala, upe kazi ungali unalalamika.

Watu huniuliza ugonjwa ule ulinigharimu kiasi gani. Wanajua mimi mtu wa mali, wanategemea niseme niliuza gari. Sikuuza kitu. Hospitali ilikuwa ya serikali, kanga ilikuwa ya mama, na aliyenifundisha hapokei chochote kwangu isipokuwa dua. Kuna kitu kimoja tu nilicholipa mwenyewe. Nilisimama kwenye dirisha la tiketi pale uwanjani, foleni imejaa nyuma yangu. Bibi wa ndani akaniuliza, "Mzee, nikupe ya jukwaa la wakubwa?" Nikamwambia ya mzunguko, ile ya watu wote. Salama akatia mkono kwenye mkoba wake. Nikamzuia. Nikaingiza mkono wa kulia mfukoni, vidole vikatafuta noti, vikazipata, vikazivuta. Foleni ikanung'unika, na mimi sikuharakisha. Nikampa kwa mkono wa kulia, akapokea kwa mkono wa kulia. Shilingi elfu tatu.